Mgogoro wa Nyumba Mtaani: Kortini au kwa Msuluhishi?

Mikataba mingi ya kununua nyumba katika mitaa ya makazi yenye geti moja nchini Kenya, kuanzia Syokimau na Kitengela hadi Ruiru na Nyali, ina kifungu kinachosema kwamba mgogoro ukizuka utapelekwa kwa msuluhishi. Kifungu hicho huwa karibu na ukurasa wa mwisho, na wanunuzi wengi hukisoma kwa makini siku mambo yanapoharibika: nyumba imecheleweshwa, ada ya huduma imepandishwa ghafla, au uwanja wa watoto umeanza kujengwa maduka. Ndipo swali lile lile linapoulizwa: je, mwenye nyumba anaweza kwenda kortini moja kwa moja, au ni lazima aanze kwa msuluhishi?

Jibu linategemea mambo matatu: nani anagombana na nani, wanagombania nini, na amri gani inatakiwa mwishoni. Anayeyapanga matatu hayo kabla ya kulipa ada ya kufungua kesi hujiepusha na hasara inayowapata wengi, ya kupoteza mwaka mzima kubishana iwapo kesi iko mahali pake huku shida yenyewe ikisubiri.

Msuluhishi ni nani

Msuluhishi ni mtu binafsi aliyeteuliwa kwa mujibu wa mkataba ili asikilize ushahidi na kutoa uamuzi, unaoitwa tuzo. Tuzo inazifunga pande zote mbili. Mpatanishi hana uwezo huo. Yeye huwasaidia wagombanaji kuafikiana, na wasipoafikiana hana la kuwaamulia. Mikataba mingi hutaja yote mawili kwa ngazi: mazungumzo kwanza, kisha upatanishi, kisha usuluhishi.

Msingi wa utaratibu huu ni Ibara ya 159(2)(c) ya Katiba ya 2010, inayozitaka mahakama zihimize njia mbadala za kutatua migogoro, pamoja na Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinaikataza mahakama kuingilia mambo ya usuluhishi isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu.

Hatua ya kwanza: kukusanya karatasi zote

Kosa la mwanzo ni kusoma mkataba wa mauzo peke yake. Mwenye nyumba katika mtaa wa pamoja huwa amefungwa na karatasi kadhaa, na kila moja inaweza kuwa na kifungu chake cha migogoro. Zinazohitajika mezani ni hizi:

- mkataba wa mauzo aliotia saini na mjenzi;
- mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu, ambao ndio msingi wa umiliki wa nyumba nyingi za ghorofa;
- katiba ya kampuni ya usimamizi ambayo wenye nyumba hupewa hisa ndani yake, au kanuni za shirika la wamiliki lililoundwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020;
- kanuni za mtaa na kumbukumbu za mikutano mikuu;
- risiti, taarifa za benki, barua, baruapepe na ujumbe wa simu unaohusu mgogoro.

Wapo wanaodai kwamba kifungu cha usuluhishi hakiwahusu kwa sababu kiko katika kanuni za mtaa ambazo hawakuzitia saini. Dai hilo lipimwe kwanza. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usuluhishi kinasema kwamba mkataba wa maandishi ukiirejelea hati nyingine yenye kifungu cha usuluhishi, na ukaifanya kuwa sehemu yake, basi makubaliano ya usuluhishi yapo. Sentensi moja katika mkataba wa mauzo inayosema mnunuzi atafuata kanuni za kampuni ya usimamizi inaweza kutosha.

Hatua ya pili: kukisoma kifungu neno kwa neno

Vifungu vya usuluhishi havifanani. Msomaji atafute majibu ya maswali haya:

1. Je, kinashurutisha au kinaruhusu tu? "Utapelekwa" na "unaweza kupelekwa" hayana uzito sawa.
2. Kinahusu migogoro yote inayotokana na mkataba, au aina fulani tu, kama vile ubora wa ujenzi?
3. Kuna ngazi za kupitia kwanza, kama siku kadhaa za mazungumzo au barua rasmi ya malalamiko?
4. Nani humteua msuluhishi pande zisipokubaliana? Mara nyingi hutajwa tawi la Kenya la Taasisi ya Wasuluhishi, Chama cha Mawakili au, kwa mambo ya ujenzi, chama cha wasanifu majengo.
5. Kuna jambo lililoachwa nje, kama vile ombi la dharura au kukusanya deni lisilobishaniwa?

Kifungu kisipotaja idadi ya wasuluhishi, sheria inasema ni mmoja.

Hatua ya tatu: kuupanga mgogoro

*Migogoro ambayo kwa kawaida huangukia kwa msuluhishi*

- Mjenzi kuchelewa kukabidhi nyumba, au kukabidhi nyumba yenye nyufa, paa linalovuja na mabomba mabovu.
- Kurudishiwa malipo ya awali baada ya mkataba kuvunjika.
- Ubishi wa ada ya huduma: kiwango chake, hesabu zake na riba yake, kati ya mwenye nyumba na kampuni ya usimamizi.
- Tafsiri ya masharti ya mkataba kuhusu maegesho, bustani na maeneo ya pamoja.

*Migogoro inayohitaji mahakama au baraza la kisheria*

- Hati mbili kwa kiwanja kimoja, au hati inayodaiwa kuwa ya kughushi. Kurekebisha daftari la ardhi kwa amri ni kazi ya mahakama, chini ya kifungu cha 80 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012.
- Madai dhidi ya asiyetia saini mkataba: benki iliyomkopesha mjenzi, serikali ya kaunti, msajili wa ardhi, au mnunuzi wa pili wa nyumba ile ile. Kifungu cha usuluhishi hakimfungi mtu wa nje.
- Kibali cha kaunti cha kujenga ghorofa ndani ya mtaa wa nyumba za familia moja moja. Anayekipinga huanza katika kamati ya uhusiano ya kaunti ya mipango na matumizi ya ardhi ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe, kwa mujibu wa sheria ya 2019. Anayepinga leseni ya mazingira huelekea katika Baraza la Taifa la Mazingira, na huko nako muda ni mfupi.

*Migogoro yenye njia ya ndani*

Pale jengo lilipo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, sheria imeweka kamati ya ndani ya kutatua migogoro. Kuiruka bila sababu kunaweza kumfanya hakimu au jaji amrudishe mlalamishi akaanzie huko.

Mgogoro mmoja unaweza kuwa na vipande viwili. Mnunuzi aliyeuziwa nyumba ambayo tayari iliwekwa rehani na mjenzi ana dai la mkataba dhidi ya mjenzi na dai jingine dhidi ya benki. Kabla ya kufungua chochote, wakili aulizwe kwa maandishi iwapo vipande hivyo vinaweza kusikilizwa pamoja, na wapi.

Mahakama ipi ina mamlaka

Ikiwa mgogoro ni wa mahakama, bado kuna uchaguzi wa kufanya, na kosa hapa ni ghali. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 1989 katika kesi ya meli Lillian S, majaji wa Kenya wamekuwa wakirudia kwamba mahakama isiyo na mamlaka haina budi kuiweka kesi chini mara moja. Kesi iliyofunguliwa mahali pasipo na mamlaka huenda ikatupwa nzima badala ya kuhamishwa, na wakati huo wote saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua dai, inaendelea kuhesabu.

- Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Iliundwa chini ya Ibara ya 162(2)(b) ya Katiba na sheria ya 2011. Ina hadhi sawa na Mahakama Kuu, na inashughulikia umiliki, matumizi na kukaliwa kwa ardhi.
- Mahakama Kuu. Mnamo 2017 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mahakama hizi mbili ziko sawa kwa hadhi lakini kila moja ina eneo lake. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mgogoro wa mkopo uliowekewa ardhi dhamana, ambao kiini chake ni hesabu za deni, ni wa Mahakama Kuu. Kinachotazamwa ni kiini cha ugomvi; kutajwa kwa kiwanja hakutoshi.
- Mahakama za mahakimu. Mahakimu walioteuliwa kusikiliza kesi za ardhi wanaweza kuzisikiliza kulingana na thamani: hakimu mkazi hadi shilingi milioni 5, na hakimu mkuu hadi milioni 20.
- Mahakama ya Madai Madogo. Hupokea madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1. Haigusi umiliki wala ukaaji wa ardhi. Deni la kawaida la huduma linaweza kufaa hapo. Ubishi wa nani mwenye nyumba haufai.

Mahali pia pana uzito. Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka kesi ya ardhi ifunguliwe pale ardhi ilipo. Nyumba ya Syokimau iko Kaunti ya Machakos na ya Kitengela iko Kajiado, hata kama ofisi ya mjenzi iko katikati ya Nairobi na mkataba ulitiwa saini huko.

Jambo la kukumbuka ni kwamba pande mbili haziwezi kuipa mahakama mamlaka kwa kukubaliana. Mkataba unaosema kesi zote zitasikilizwa na mahakama fulani hausaidii ikiwa sheria haikuipa mahakama hiyo kazi hiyo.

Anayedai: namna ya kuanza usuluhishi

1. Kumaliza ngazi za chini zilizotajwa katika mkataba, na kuhifadhi ushahidi wake: barua za malalamiko, tarehe za vikao, majibu.
2. Kuandika taarifa ya mgogoro. Itaje kifungu cha mkataba, ieleze madai kwa ufupi na kiasi kinachodaiwa, na ipendekeze majina ya wasuluhishi.
3. Kuifikisha kwa njia iliyoandikwa katika mkataba. Ikiwa mkataba unataka barua ya posta kwa anwani fulani, ujumbe wa WhatsApp pekee hautoshi.
4. Muda wa kujibu ukipita, kuandika kwa chombo cha uteuzi kilichotajwa ili kimteue msuluhishi.
5. Kuuliza mapema ada ya msuluhishi na namna itakavyogawanywa. Kwa kawaida kila upande hutakiwa kuweka amana kabla ya usikilizaji, na anayeshindwa anaweza kuamriwa kubeba gharama.
6. Kuandaa ushahidi kana kwamba ni kesi ya kortini: hesabu, picha zenye tarehe, ripoti ya mhandisi au mpimaji.

Muda wa ukomo unahesabiwa katika usuluhishi sawa na kortini: kwa ujumla miaka 6 kwa dai la mkataba na 12 kwa dai la kurejesha ardhi. Mazungumzo matamu na ahadi za mdomo haziisimamishi saa hiyo. Inayouanzisha usuluhishi ni taarifa iliyoufikia upande wa pili.

Anayeshtakiwa: kuwahi kabla ya mlango kufungwa

Mwenye nyumba, au kampuni ya usimamizi, anaweza kushtakiwa kortini ilhali mkataba una kifungu cha usuluhishi. Hapo kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi kinamruhusu kuomba kesi isimamishwe na mgogoro upelekwe kwa msuluhishi. Ila ombi hilo lina muda wake: liwasilishwe kabla au wakati ule ule mshtakiwa anapowasilisha notisi ya kufika mahakamani au kulikiri dai kwa njia nyingine.

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Huwasilisha notisi leo, utetezi wiki ijayo, na kumbukumbu ya kifungu huja baada ya miezi. Kufikia hapo wamekwisha kuikubali mahakama. Wakili apewe mkataba wote siku ya kwanza, si karatasi za mashtaka peke yake.

Mahakama itakataa ombi ikiona moja kati ya haya:

- makubaliano ya usuluhishi ni batili, hayafanyi kazi au hayatekelezeki;
- hakuna mgogoro wa kweli kuhusu jambo hilo.

Sababu ya pili ina somo kwa pande zote. Mwenye nyumba aliyeandika barua akikiri kwamba anadaiwa ada ya miezi kadhaa na kuomba muda wa kulipa hana la kumpelekea msuluhishi. Kwa kampuni ya usimamizi, barua kama hiyo ni silaha. Kwa mwenye nyumba, ni barua ya kufikiria mara mbili kabla ya kuituma.

Dharura: maji yamekatwa, nyumba inauzwa

Kifungu cha usuluhishi hakimwachi mtu bila kinga. Kifungu cha 7 cha sheria kinaruhusu ombi la amri ya muda mahakamani, kabla ya usuluhishi kuanza au ukiwa unaendelea. Sheria inaitaja Mahakama Kuu. Kwa kuwa kiini kikiwa ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikahusika, wakili athibitishe mlango kabla ya kufungua. Amri ya namna hii hufaa pale:

- mjenzi anapotaka kumuuzia mtu mwingine nyumba iliyokwisha kulipiwa;
- kampuni ya usimamizi inapokata maji au kumzuia mkazi getini wakati ada bado inabishaniwa;
- eneo la pamoja linapokaribia kujengwa au kubomolewa.

Maombi yaseme wazi kwamba amri inatakiwa ili kulinda hali iliyopo hadi msuluhishi aamue. Anayeomba mahakama imalize ugomvi wote kwa mlango huu hujiharibia mwenyewe. Na taarifa ya usuluhishi itumwe mapema. Jaji atauliza imefikia wapi.

Mnunuzi mwenye dai juu ya nyumba yenyewe anaweza pia kuweka kizuizi katika daftari la ardhi chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi. Dai la fedha tupu halitoshi kuweka kizuizi, na anayekiweka bila sababu ya haki anaweza kulipishwa fidia.

Mashaka yanayorudiwa sana

*"Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda kortini."* Ni kweli, Ibara ya 48 inalinda haki ya kuifikia haki. Lakini Katiba hiyo hiyo inahimiza usuluhishi, na mahakama huheshimu makubaliano ya watu wazima waliotia saini kwa hiari.

*"Mkataba umevunjwa, kwa hiyo na kifungu kimekufa."* Hapana. Kifungu cha 17 cha sheria kinakichukulia kifungu cha usuluhishi kama makubaliano yanayojitegemea. Mkataba unaweza kubatilika na bado msuluhishi akawa na mamlaka ya kuamua matokeo yake.

*"Mjenzi alidanganya, na udanganyifu si wa msuluhishi."* Kuliandika neno ulaghai katika madai hakutoshi kukifuta kifungu. Swali ni iwapo makubaliano ya usuluhishi yenyewe yaliathirika, au iwapo nafuu inayotakiwa inawagusa watu wa nje na daftari la ardhi.

*"Msuluhishi hana mamlaka, kwa hiyo asipewe jibu."* Kukaa kimya ni hatari. Msuluhishi anaweza kuamua juu ya mamlaka yake mwenyewe. Anayempinga aseme hivyo kabla au wakati wa kuwasilisha utetezi. Uamuzi wa awali ukimgonga, ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu.

*"Wanunuzi wote waungane katika shauri moja."* Kila mnunuzi ana mkataba wake. Kuunganisha mashauri kunahitaji ridhaa ya pande zote, mjenzi akiwemo. Inafaa kuiomba mapema kwa maandishi, maana hata mjenzi anaweza kuona nafuu ya kumlipa msuluhishi mmoja.

*"Deni ni dogo na msuluhishi ni ghali."* Hoja hii ni ya haki kabisa. Pande zote zinaweza kutia saini waraka mfupi wa kukiweka kifungu kando na kwenda mahakama ya hakimu, Mahakama ya Madai Madogo au kwa mpatanishi. Makubaliano ya mdomo yasitegemewe.

Baada ya tuzo

- Kosa la hesabu au la uandishi: ombi la kusahihisha hupelekwa kwa msuluhishi ndani ya siku 30.
- Kuitengua tuzo: ombi hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya miezi 3 tangu tuzo kupokelewa, chini ya kifungu cha 35. Sababu zinazokubalika ni chache, kama kutopewa taarifa au nafasi ya kusikilizwa, msuluhishi kuvuka mipaka ya alichopewa, hongo au ulaghai, au tuzo kukiuka sera ya umma. Kwamba msuluhishi alikosea katika kupima ushahidi si mojawapo.
- Rufaa zaidi: uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019 katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel uliacha upenyo mwembamba wa kufika Mahakama ya Rufaa, kwa hali za kipekee tu.
- Kuitekeleza: mshindi huomba mahakama iitambue tuzo chini ya kifungu cha 36, kisha aikazie kama hukumu ya kawaida.

Kabla ya kutia saini mkataba mpya

Wakati mzuri wa kukishughulikia kifungu ni kabla ya pesa kutoka mfukoni. Mnunuzi, kupitia wakili wake asiye wakili wa mjenzi, aombe yafuatayo yaandikwe:

- chombo huru cha kumteua msuluhishi; mjenzi asiteue peke yake;
- kiwango cha fedha ambacho chini yake mgogoro utaenda mahakama ya hakimu au ya Madai Madogo;
- ruhusa ya wazi ya kuomba amri za dharura mahakamani;
- mahali pa kusikilizwa panapofikika na mkazi wa kawaida;
- muda maalumu wa kila ngazi, ili mazungumzo yasigeuke njia ya kuchelewesha;
- kifungu kinachofanana katika mkataba wa mauzo, mkataba wa ukodishaji na kanuni za mtaa, ili mgogoro mmoja usiwe na milango mitatu;
- ridhaa ya awali ya kuunganisha mashauri ya wanunuzi wenye malalamiko yale yale.

Mjenzi akikataa yote, mnunuzi bado ana uamuzi wa kufanya kuhusu ununuzi wenyewe, na ataufanya akijua ugomvi ukitokea ataupeleka wapi na kwa gharama gani.